Saa Moja Juu ya Korongo

Filamu ilikuwa imefika katikati Ardith Haskett alipomsikia marehemu mume wake akiita.

Hakuwa yeye, bila shaka. Verl Haskett alizikwa miaka kumi na minne nyuma. Huyu alikuwa mwigizaji mwenye ndevu za kubandika, amelala chini ya farasi aliyekufa, mguu umebanwa, theluji imemfika kifuani. Lakini neno lililomtoka mdomoni lilikuwa la Verl.

"Shemasi!" aliita. "Shemasi, niko huku chini!"

Katika mji mzima wa Bitter Wells, mtu mmoja tu aliwahi kuitwa Shemasi, na aliyemwita hivyo alikuwa kaka yake. Mtu huyo ni Thurlow Haskett, ambaye tangu utoto alikuwa na uso mzito kama wa anayepitisha kikapu cha sadaka. Verl alipokufa, Thurlow alimwoa mjane. Kwa hiyo Ardith, aliyekuwa mke wa kaka mtu, sasa alikuwa mke wa mdogo mtu, na jina lake la ukoo halikubadilika hata herufi moja.

Kwenye pazia, juu ya korongo, mdogo mtu alikuwa amesimamisha farasi wake. Alikuwa amesikia. Kamera iliusogelea uso wake taratibu, ikakaa hapo. Akasokota sigara, akaiwasha, akavuta. Sauti ikaita tena kutoka chini. Akatoa saa mfukoni, akaitazama, akairudisha. Hapakuwa na muziki. Ni upepo tu na ile sauti, ikizidi kufifia, mpaka ikaisha. Ndipo akageuza farasi. Kisha pazia likajaa mwanga, na watazamaji wakaona harusi: mdogo mtu akimvika pete mjane wa kaka yake.

Jumba la sinema lilikuwa limejaa. Watu walikuja kwa sababu vilima vilivyomo kwenye filamu vilikuwa vyao na farasi walikuwa wao. Kampuni ya filamu ilikuwa imekodi mifugo ya nusu ya wilaya Novemba iliyopita. Nusu saa nzima walikuwa wakinong'onezana, "Ona, lile boma la Oakes," "Yule si farasi wangu?" Sasa minong'ono ilikoma. Kwenye giza lile Ardith aliona vichwa vikigeuka, kimoja baada ya kingine, kumtazama yeye.

Hakuinuka. Binti yake, Lorna, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, alimshika mkono, naye akauacha ushikwe. Walikaa mpaka taa zikawashwa.

Mlangoni, Milo Tackett, mwenye jumba, alikuwa akiwapa watu mikono na kuuliza, "Picha nzuri, siyo?" Ardith alipokaribia, akakumbuka ghafla kwamba kuna tiketi za kupanga. Birdie Oakes, jirani yao wa upande wa mashariki, alimfuata hadi kwenye lori lao.

"Ni sinema tu, Ardith. Watu wa California wale. Wanatunga."

"Sijasema kitu, Birdie."

"Najua. Nasema tu."

Nyuma yao mwanamume mmoja alicheka kidogo na kusema, bila kujisumbua kushusha sauti, "Kumbe ndiyo maana harusi haikuchelewa."

Lorna aliendesha. Kwenye daraja la mbao, msichana akapunguza mwendo.

"Mama, yule mwandishi alilijulia wapi jina lile?"

"Si alikaa kwetu wiki tatu? Alilisikia."

"Alilisikia kwa nani? Mimi sijawahi kumwita Baba hivyo. Wewe hujawahi. Hakuna aliyemwita hivyo tangu baba yangu mzazi afe."

"Tazama barabara," alisema Ardith.

*

Thurlow hakwenda kwenye sinema. Alisema kuna ng'ombe anayekaribia kuzaa, na ni kweli alikuwepo, ingawa ng'ombe huyo alikuwa amezaa tangu asubuhi. Walimkuta bandani akimfuta ndama kwa gunia. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono mikubwa na maneno machache, na wiki zile tatu alizokaa Julian Bressler, yule mwandishi wa sinema, ndizo wiki ambazo Ardith alipata kumsikia akizungumza kwa saa nyingi mfululizo. Walikuwa wakikaa humo humo bandani, wawili, na chupa katikati. Ardith alifurahi wakati ule. Alidhani mume wake amepata rafiki.

"Picha ilikuwaje?" Thurlow aliuliza bila kuinua kichwa.

"Ndefu," alisema Ardith.

"Farasi wanaonekana vizuri?"

"Wanaonekana."

Alisimama pale mlangoni akimtazama. Miaka kumi na mitatu ya ndoa. Mtu huyu alikuja kwake baada ya mazishi na shoka mkononi, kwa sababu kuni zilikuwa zimekwisha, akakata kuni siku nzima na kuondoka bila kunywa hata kahawa. Akarudi wiki iliyofuata. Akarudi tena. Katika dhoruba ya theluji iliyomuua Verl, alitembea siku mbili kumtafuta kaka yake, na siku ya pili ndiye aliyempata, akambeba begani mpaka nyumbani. Hivyo ndivyo mji ulivyojua. Hivyo ndivyo Ardith alivyojua. Aliingia ndani akaweka viazi motoni.

*

Thurlow aliijua filamu ilivyo siku ya Jumatatu, kwenye duka la chakula cha mifugo.

Alikuwa amesimama kwenye kaunta, akingojea magunia mawili ya chumvi. Nyuma, karibu na jiko la makaa, wanaume wanne walikuwa wamekaa kama kawaida yao. Alipoingia waliacha kuongea. Akawaamkia, wawili wakaitika. Kisha kutoka nyuma ya rafu za misumari, mtu ambaye hakujionyesha akaita kwa sauti nyembamba ya kuigiza:

"Shemasi! Niko huku, Shemasi!"

Kicheko kilitoka kwa mmoja tu, na kikakatika haraka. Mwenye duka alishughulika na kalamu yake. Thurlow hakugeuka. Shingo yake ilipanda wekundu taratibu, kutoka kwenye kola hadi masikioni, na kila mtu akauona. Alibeba gunia moja begani akatoka. La pili hakurudi kulichukua.

Alisimamisha lori kando ya barabara, akakaa humo mikono ikiwa juu ya usukani. Bressler alikuwa amemwapia. "Nitabadilisha kila kitu, Thurlow," alisema. "Majina, mahali, mwaka. Mama yako mwenyewe asingeweza kujua." Na Thurlow alimwamini, si kwa kuwa alikuwa mjinga, ila kwa sababu alishakwisha kusema, na mtu aliyekwisha kusema hana la kufanya ila kuamini.

Katika wiki mbili zilizofuata, mambo yalibadilika bila mtu kutangaza kitu. Kwenye mnada wa ng'ombe, benchi aliloketi lilibaki na nafasi pande zote mbili. Jirani aliyeazima mashine ya kufunga majani aliirudisha ikiwa imeoshwa, akaiacha getini bila kufika mlangoni. Na mwezi wa Mei ulikuwa unakaribia, mwezi wa kupiga chapa ndama. Kazi hiyo hakuna nyumba inayoiweza peke yake. Kila mwaka majirani huzunguka kutoka boma hadi boma, leo kwako, kesho kwangu. Mwaka huu Thurlow alipiga simu nyumba sita. Mmoja mgongo unamsumbua. Mmoja anajenga ua. Mmoja, mke wake alipokea, akasema mumewe hayupo, na Thurlow alimsikia mumewe akikohoa nyuma yake.

"Tutafanya wenyewe," alimwambia Ardith.

"Ndama tisini? Watu watatu?"

"Tutafanya taratibu."

Hakuna aliyetaja sinema. Ilikuwa imekaa nao nyumbani kama mgeni asiyejua wakati wa kuondoka.

*

Lorna alifanya kazi posta, na magazeti ya miji yote yalipita mikononi mwake. Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, aliweka matatu mezani, yamekunjwa kwenye kurasa za sinema. Hakuwa ameshauriana na mama yake, lakini mama yake hakushangaa. Alikausha mikono akakaa.

"Wanaiandika nchi nzima," alisema Lorna. "Nadhani tujue wanasema nini, maana watu wa hapa wameshasoma."

Thurlow alisogeza kiti nyuma kama anayetaka kuinuka. Hakuinuka.

Lorna alianza na mhakiki wa Denver. "'Hatimaye sinema ya kauboi isiyohitaji risasi hata moja. *Korongo la Pili* inapigana vita vyake vyote ndani ya uso wa mtu mmoja. Nilitoka nikiwa nimechafuka moyo, na ninamshukuru mtengenezaji kwa hilo.'"

"Endelea," alisema Ardith.

"Huyu ni wa Chicago. 'Wengine wanaiita hadithi ya woga. Mimi naiita hadithi ya mapenzi. Mtu yule alikuwa akimtaka shemeji yake tangu mwanzo, na dhoruba ilimpa alichokosa ujasiri wa kukichukua. Tazameni jinsi anavyoangalia nguo za mwanamke zilizoanikwa kwenye kamba...'" Lorna aliishia hapo. Aliliweka gazeti hilo chini, kifudifudi.

"La tatu," alisema mama yake.

"La New York. Huyu hakuipenda." Alikohoa kusafisha koo. "'Picha ni nzuri na farasi ni wazuri, lakini kiini chake ni uongo. Mtu huweza kuua kwa hasira. Huweza kukimbia kwa hofu. Lakini kukaa juu ya farasi saa nzima, akimsikiliza ndugu yake wa tumbo moja akimwita kwa jina la utotoni, kisha akaenda nyumbani akanywa supu? Hilo halimo ndani ya binadamu. Naona mwandishi hakujaliwa kuwa na ndugu.'"

Ardith alinyoosha mkono akalichukua lile gazeti, akalisoma mwenyewe, midomo ikicheza. Akalisoma tena. Alipoinua macho, Thurlow aliona ndani yake kitu ambacho hakukiona kwa wiki mbili, na kilimwogopesha kuliko vicheko vya dukani. Ardith alikuwa akimfungulia mlango wa kujinasua.

"Huyu bwana amesoma," alisema Ardith polepole. "Anaangalia sinema kila siku ya maisha yake. Anasema haiwezekani." Akakilaza kidole juu ya karatasi. "Amesema kweli, Thurlow?"

Saa ya ukutani ilipiga mara mbili.

"Ndiyo," alisema Thurlow. "Amesema kweli. Bressler alitunga."

"Na lile jina?"

"Jina nilimwambia. Tulikuwa tunakunywa, nikamwambia habari za Verl. Mengine aliongeza."

Ardith alifumba macho, akayafumbua. Kisha akainuka, akachukua mkasi kwenye mtoto wa meza, akaanza kuikata ile makala, kwa uangalifu, pembe kwa pembe, kama anayekata kitambaa cha bei ghali.

*

Hakukaa na ushindi huo peke yake. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, akina mama walipokuwa wakipakua chakula kwenye ukumbi wa kanisa na waume zao wamepanga foleni na sahani, Ardith alisimama mbele ya meza ya pai. Hakuwa mtu wa kusimama mbele ya watu.

"Nina neno moja," alisema. "Mmeniangalia wiki tatu sasa. Mmemwangalia mume wangu. Hakuna aliyekuja kuuliza. Basi nawasomea gazeti la New York, maana aliyeandika si mke wake wala hamfahamu."

Aliwasomea yote. Alipofika kwenye "halimo ndani ya binadamu" sauti yake ikapanda, na mtoto mmoja akaacha kutafuna.

"Thurlow alitembea siku mbili," alisema alipomaliza. "Amos, wewe ulikuwa naye. Bert, na wewe. Mliona mikono yake ilivyokuwa. Sasa mtu wa California anakuja, anakunywa pombe yetu, anamfanya mume wangu mnyama ili auze tiketi, nanyi mnamwamini yeye?"

Thurlow alikuwa amesimama karibu na ukuta, sahani tupu mkononi. Alitamani sakafu ipasuke. Watu walidhani ni haya, na wakampenda kwa haya hiyo.

Amos Oakes, mume wa Birdie, mzee mfupi anayechechemea mguu mmoja, aliweka uma chini.

"Inatosha, Ardith," alisema. "Tumekosa adabu. Jumamosi nitakuja na kamba yangu. Bert naye atakuja, mgongo wake umepona sasa hivi."

Watu wakacheka, kicheko cha kujisuta. Mwanamke mmoja akamkumbatia Ardith. Mtu akamwekea Thurlow kipande cha nyama kwenye sahani, kikubwa, na akalazimika kukila mbele yao.

*

Jumamosi walikuja wanaume saba, wamepanda farasi, kabla umande haujakauka. Walitenga ndama na mama zao, wakawasha moto, wakatumbukiza vyuma. Lorna alikaa juu ya ua na daftari, akihesabu. Vumbi lilipanda, manyoya yaliungua, ng'ombe walilia upande wa pili wa ua, na wanaume walitukanana kwa furaha kama miaka yote.

"Bert! Unamfunga ndama au unamkumbatia?"

"Muulize mkeo, yeye anajua tofauti!"

Kufikia saa tano walikuwa wamemaliza zaidi ya nusu. Thurlow aliingia jikoni kuchukua dawa ya vidonda. Ardith alikuwa akigeuza nyama kwenye kikaango, maharage yanachemka, mikate imejipanga dirishani. Alikuwa akiimba puani, wimbo usio na maneno. Hakuwa ameimba tangu mwanzo wa Aprili.

"Unaona?" alisema. "Walihitaji kusomewa tu."

"Naona."

"Nimemwandikia yule bwana."

"Bwana gani?"

"Wa New York. Wa gazetini." Alitabasamu, ameona haya kidogo. "Nimemshukuru. Nimemwambia mimi ndiye mjane mwenyewe, kwamba hadithi ile walituibia sisi wakaichafua, na kwamba yeye peke yake ndiye aliyejua ukweli bila kuambiwa. Nimemweleza ulivyombeba Verl."

"Umeshaituma?"

"Lorna ameipeleka jana."

Thurlow aliweka chupa ya dawa juu ya meza. Alivua kofia, jambo asilolifanya katikati ya kazi, akaishika kwa mikono miwili.

"Ardith. Yule bwana amekosea."

Aliendelea kugeuza nyama, mara moja, mara mbili. Kisha akakitoa kikaango motoni.

"Sema."

"Nilimsikia. Nilikuwa juu pale pale, kama kwenye picha. Nilimsikia anaita."

"Saa nzima?"

"Sikuwa na saa. Bressler aliiweka saa. Ilikuwa muda mrefu."

Ardith alijishika kwenye ukingo wa meza. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ndogo, na ilikuwa na kitu kama ombi ndani yake. "Basi ni yule wa Chicago. Ulikuwa unanitaka mimi."

Hapo angeweza kusema ndiyo. Alijua kwamba hata hilo lingempa Ardith mahali pa kusimama. Mwanamke anaweza kumchukia mtu kwa hilo, na bado akabaki na kitu.

"Hapana," alisema. "Sikukuwaza. Sikuwaza mtu."

"Basi kwa nini?"

"Tuligombana asubuhi ile. Alikuwa amechukua glavu zangu, zile za ngozi ya kondoo, akaniachia zake zilizotoboka. Vidole vyangu vilikuwa vinaniuma siku nzima. Nilipomsikia nikasema, acha aite kidogo. Acha naye aonje. Sikujua kama mguu umebanwa, nilidhani farasi amemkimbia tu. Halafu kidogo ikawa nyingi. Halafu nikaona aibu kwenda, kwa sababu nimeshachelewa, angeniuliza nilikuwa wapi. Nikawa nasema, akiita tena naenda. Akaita. Nikasema, akiita tena." Aligeuza kofia mikononi. "Halafu hakuita."

"Glavu," alisema Ardith.

"Ndiyo."

"Mume wangu alikufa kwa ajili ya glavu."

Nje mtu alipiga mluzi, na ndama akalia chuma kilipomgusa.

"Na zile siku mbili?"

"Nilijua alipo. Niliwapeleka upande mwingine. Sikuweza kufika pale mbele za watu, siku ya kwanza. Siku ya pili nilijitenga, nikaenda peke yangu."

Ardith alivua aproni, akaitundika kwenye msumari wake. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa.

"Toka," alisema. "Mwambie mtoto wa Verl. Hivyo hivyo ulivyoniambia mimi, usiongeze, usipunguze. Mimi sitakusaidia kulibeba hata hatua kumi."

*

Aliuvuka uwanja. Lorna alimwona akija, kofia mkononi, na mama yake nyuma yake bila aproni, akateremka kutoka juu ya ua. Thurlow hakumwita pembeni. Alisimama mbele yake, karibu na moto, akasema. Hakupaza sauti, lakini aliposema neno "korongo" Bert aliacha kamba ilegee, na alipofika kwenye glavu wote walikuwa wamesimama. Ndama aliyekuwa amelazwa alijinasua mwenyewe akakimbia.

Lorna alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na miaka mitano baba yake alipokufa. Mtu huyu alimfundisha kupanda farasi, kuogelea, kuendesha gari. Tangu akiwa na miaka sita alimwita Baba, bila kuambiwa na mtu.

"Nimekusikia, baba mdogo," alisema.

Hilo peke yake. Thurlow aliyumba kidogo, kama mtu aliyesukumwa na umati.

Ni Amos aliyesogea. Alichechemea hadi mbele yake, akamtazama kutoka chini, maana alikuwa mfupi.

"Siku mbili, Thurlow," alisema. "Unajua mguu huu una vidole vingapi? Viwili. Vitatu nilikatwa mjini Casper, viliganda kwa baridi tukimtafuta Verl. Sijawahi kulalamika. Nilisema ni kwa ajili ya Verl." Alimnyooshea kidole. "Ulikuwa unatembea mbele yangu. Uliniuliza kama miguu yangu ina baridi."

"Niliuliza."

"Uliniuliza, shetani wewe, nikakwambia hapana!"

Aliinua mkono, na kila mtu alidhani atapiga. Aliushusha. Akakusanya kamba yake, akaikunja pindi kwa pindi, akaitundika kwenye tandiko. Bert akafanya vivyo hivyo, kisha wengine. Hakuna aliyetukana. Mmoja, kabla ya kupanda, aligusa ukingo wa kofia yake kumpa Ardith heshima. Vumbi lao lilionekana kwenye barabara kwa muda mrefu.

Vyuma vilikuwa bado vyekundu. Kwenye boma dogo walibaki ndama thelathini na nane, na nje ya ua mama zao waliendelea kulia, viwele vimejaa.

"Mama, twende," alisema Lorna.

"Hawa je? Mtu hawezi kuwarudisha malishoni hivi bila chapa, watachanganyika na wa Oakes, na kesho hakuna atakayekuja." Ardith alikunja mikono ya gauni. "Tumalize."

Wakamaliza. Thurlow alirusha kamba, Lorna alikaa juu ya shingo za ndama, Ardith alipiga chapa. Ilikuwa kazi ya watu wanane, wakaifanya watatu, na kwa saa zile zote maneno yaliyosemwa ni "shika," na "bado," na "huyo." Mara moja Lorna alipigwa teke la paja, Thurlow akamwinamia, msichana akajiviringisha pembeni, akainuka peke yake. Mara moja Ardith alikosea akaweka chapa kichwa chini, akaitazama, akaendelea na mwingine. Jua lilikuwa limeinama walipomwachia wa mwisho.

Ardith alinawa kwenye pipa. Alinawa mpaka kwenye viwiko, kwa sabuni, kisha akamwambia Lorna awashe lori. Hakuingia ndani kuchukua nguo.

"Mtakwenda wapi?" aliuliza Thurlow.

"Juu ya posta kuna chumba cha Lorna."

"Utarudi?"

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu swali bila kulifikiri, hata siku kama ile.

"Sijui," alisema. "Miaka kumi na mitatu nimelala kando yako nikikushukuru. Kila usiku, Thurlow. Kwa kumtafuta, kwa kumbeba, kwa kuni. Nilipokukasirikia nilikumbuka hayo, nikanyamaza. Sasa inabidi nirudi nyuma usiku baada ya usiku nizichukue shukrani zangu zote. Ni nyingi. Nikimaliza nitaona kimebaki nini."

Alipanda lori, akafunga mlango. Ulikuwa mlango mbovu, lazima ufungwe mara mbili, na kila mtu wa nyumba ile alijua hivyo. Akaufunga mara mbili. Lorna hakutazama kioo.

Jikoni maharage yalikuwa yameungua na moshi ulitoka dirishani juu ya mikate. Thurlow aliunusa, akajua ni nini, lakini hakwenda. Alikwenda kwenye lango la boma, akaliondoa komeo. Ndama walitoka wakisukumana, mapaja yamevimba, na ng'ombe wakawavamia, wakinusa huyu, wakimfukuza, wakinusa mwingine. Alisimama pale, maana kazi hiyo haiachwi: lazima mtu akae aone kila mmoja amempata wake, la sivyo wapo watakaokufa njaa. Ilichukua muda mrefu. Akasimama mpaka wa mwisho.